Mkono wa Mchonga Vinyago

Wanangu mnaovaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza, naanza kwa kuwaudhi kidogo. Mashine ya presha haijui kumpima mtu. Inachojua ni kujaza upepo kwenye mkanda, kuubana mshipa mpaka damu isimame, kisha kuachia taratibu na kusikilizia namna mkanda unavyotikisika damu inapopata tena njia. Ukimfunga mtu vizuri, inasikiliza vizuri. Ukimfunga ovyo, inasikiliza ovyo, na namba yake inakupa hivyo hivyo bila aibu hata kidogo.

Mimi ni Sista Rukia. Nimestaafu, nakaa Chamazi, na asubuhi majirani wananijia barazani mikono wameshainyoosha. Uuguzi nimeufanya tangu nina meno yote, Vingunguti, Kigamboni, Temeke, na kuna jambo moja halijanitoka mpaka leo. Kila nikibonyeza kile kitufe na kuona namba zinaanza kupanda, nanyamaza. Fikirieni wenyewe. Kuna kitu ukubwa wa ngumi kifuani mwa mtu, hakijaomba likizo tangu yuko tumboni mwa mama yake, kinasukuma damu mpaka kwenye kidole gumba cha mguu na kuirudisha. Wewe uko nje, hujachana ngozi, hujamwaga tone, na unapewa habari za nguvu zake. Nimeyaona hayo maisha yangu yote na bado yananishangaza.

Aliyenifundisha kunyamaza ni Sista Modesta, Mngoni mmoja mrefu, mkali, Mungu amrehemu. Enzi zake kipimo kilikuwa cha zebaki, unajaza upepo kwa kuminya mpira kwa mkono na unasikiliza kwa masikio yako mwenyewe. Kabla hajaturuhusu kufunga mkanda alitaka tuweke vidole kwenye kiwiko cha mgonjwa, upande wa ndani, tuutafute mshipa unapodunda. "Pigeni hodi kwanza," alikuwa akisema. "Mwili wa mtu ni nyumba yake. Huingii tu." Sisi tulikuwa wasichana, tunacheka pembeni na kumwigiza lafudhi. Siku moja alinikuta namwigiza. Hakunigombeza. Alinifunga mimi mkanda, akanivalisha kile kifaa cha masikioni, nikasikia damu yangu mwenyewe ikigonga mkononi, ikagonga, ikagonga, halafu ikapotea. Nilirudi nyumbani kimya, na mama akadhani nina malaria.

Zilipokuja mashine hizi za kujijaza upepo zenyewe, niliziponda. Nilisema zitawafanya vijana wavivu. Baadaye nikazipenda, maana masikio yangu yalikuwa yanazeeka, na zenyewe ukizibadilishia betri na kuzipeleka kwa fundi kuhakikiwa hazina maneno mengi. Lakini zina tabia zake. Mtu akitikisa mkono, akikohoa, akicheka, akiongea, zinachanganyikiwa. Moyo ukiwa unadunda kwa kurukaruka, zinakwama au zinakupa namba tofauti kila mara, na hapo unarudi kwa vidole vyako na unamwita daktari. Sisi watu wa huku kwetu tuna taabu yetu ya ziada, nayo ni adabu.

Mnajua wenyewe, huwezi kumgusa mtu mzima kabla ya shikamoo. Sasa vijana mna haraka, foleni imefika getini, mnabonyeza kitufe halafu ndiyo mnasalimia. Mkanda unajaa na mama wa watu hawezi kuiacha salamu ikae hewani. "Marahaba mwanangu, hujambo? Na mama yako hajambo? Na wale wadogo zako?" Anaulizia mpaka kuku. Presha inapanda kwa ajili ya kuku wenu. Mimi nilikuwa nazimaliza salamu zote kwanza, mpaka za mtaa wa pili, halafu namwambia, "Bibi, sasa tunyamaze kidogo, hii mashine ina wivu." Wanacheka, wanavuta pumzi, wanatulia. Hapo ndipo nabonyeza.

Na wazee wetu wa kiume wasipite kwenye kahawa kabla hawajaja kwenu. Kahawa chungu, sigara na kutembea juani, vyote vinahitaji nusu saa vipoe. Kibofu kikijaa nacho kinapandisha, kwa hiyo uliza, usione haya. Mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini, asiikunje nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukiuacha unaning'inia, namba inapanda bure. Mkanda ukae vidole viwili juu ya kiwiko, mrija wake wa upepo ushuke upande ule ule wa mshipa, na upime zaidi ya mara moja, ukimpa mwili nafasi ya kupumua katikati. Mkono wenye dripu usiuguse. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi, tumia upande wa pili.

Na mkono uwe mtupu. Nilipokuwa Kimbiji, akina mama walikuja na mabaibui yenye mikono mirefu, na wenzangu kwa kuogopa kuwavunjia heshima walifunga mkanda juu ya nguo. Mimi nilikwenda na khanga yangu na kipande cha kamba, nikatenga pembe ya chumba, nikawa nawaingiza mmoja mmoja. Ikawa ndiyo pembe yenye umbea mtamu kuliko zote, lakini mikono nilikuwa naiona. Tabia hiyo nilihama nayo nilipopelekwa kwenye zahanati moja ya upande wa Temeke, ambayo sitaitaja jina, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Chitanda.

Ilikuwa siku ya kliniki ya presha na mimi nilikuwa bado mgeni pale. Wagonjwa walipimwa mlangoni, kwenye meza iliyowekwa karibu na ngazi, kila mmoja akifika anapimwa na kusukumwa mbele. Nilikuwa napita na trei yangu nikasikia mkanda unalia. Mnaijua ile sauti, ule upande wa manyoya unaoshikana ukianza kuachia kwa sababu upepo umezidi nafasi. Nikageuka. Nikaona mzee mwembamba, mashavu yameingia ndani, amevaa koti na shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wazee wetu wakienda hospitali wanavaa utadhani wanakwenda kupeleka posa. Koti alikuwa amelitoa mkono mmoja tu, na mkono wa shati umesokotwa juu mpaka umekuwa kama kamba, mkanda chini yake. Mkono mwenyewe unaning'inia, na yeye anamwamkua kila anayepita kwenye ngazi. Mashine ikasoma mia hamsini na nane juu, tisini na sita chini.

Binti yake, Asumini, alikuwa amesimama nyuma yake. Alipoona namba alifumba macho.

"Sista," akaniambia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawaangalia, "huyu baba hamezi dawa. Anatudanganya. Mie namsimamiaga kila asubuhi, namwambia fungua mdomo nione, inua ulimi. Na bado haishuki."

"Nameza," mzee akasema taratibu.

"Ukimeza mbona haishuki, baba?"

Mzee aliangalia viatu vyake.

Niliwachukua wote wawili mpaka chumbani kwangu, nikamkalisha mzee kwenye kiti chenye mgongo, nikaziacha salamu zikae mahali pake mpaka zikaisha. Ndipo Asumini akanieleza. Mzee Chitanda ni Mmakonde wa Newala, na tangu aingie mjini kazi yake ni kuchonga vinyago vya mpingo uani kwake. Dawa alianza moja, presha haikushuka, wakamwongeza ya pili, haikushuka, wakaongeza tena. Kizunguzungu kikaanza. Akisimama kutoka kwenye kigoda dunia inamzunguka. Mwezi uliopita alianguka na tezo mkononi, lile shoka dogo la kuchongea, na makali yake yakapita jirani kabisa na paja. Kaka zake Asumini wakakaa kikao. Wakakubaliana kwamba baba amekuwa mkaidi, vifaa vyake vichukuliwe, na akiendelea hivi arudishwe Newala akasubiri siku zake. Na leo daktari alikuwa ameahidi kwamba namba isipokuwa nzuri ataongeza dawa nyingine.

Mzee alisikiliza yote hayo bila kunyanyua macho. Mimi nilikuwa nimeona wazee wengi wanaotupa dawa. Wana ujanja wao, wanakuangalia usoni na kuapa kwa Mungu. Huyu hakuapa. Nilimwonea huruma kwa namna ambayo sikuweza kuieleza, na bado sikuwa na hakika kama anasema kweli.

"Mzee wangu," nikamwambia, "naomba utoe shati."

Akamtazama binti yake. "Mbele ya huyu?"

Asumini akatoka nje ya pazia. Mzee akafungua vifungo pole pole, kimoja kimoja, akalitundika shati kwenye mgongo wa kiti, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza.

Sijui nianzie wapi kuwaeleza. Mwili wake ulikuwa mwembamba, mbavu unazihesabu, mifupa ya shingo imetokeza. Halafu kutoka begani mpaka kwenye kiwiko kulikuwa na mkono wa mtu mwingine kabisa, mnene, umejaa, misuli imepangana, mgumu kama ule mpingo aliokuwa akipambana nao. Niliweka vidole kwenye kiwiko kama nilivyofundishwa, na mshipa ulikuwa unadunda huko ndani, taratibu, bila papara. Miaka yote ya tezo ilikuwa imekaa pale. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na sisi vile vinyago vya mahotelini tunaviona tu vinang'aa, hatujui vimeunda nini mwilini mwa aliyeviunda. Nilisimama pale, mwanamke mzima, nusura nisahau nilichokuja kufanya.

"Umechonga tangu lini, mzee?"

"Tangu sijaota ndevu. Mpingo haukubali mtu mlegevu."

Nikauzungusha mkanda wa kawaida kwenye mkono ule, bila kujaza upepo. Wanangu, kila mkanda una alama zilizochorwa ndani yake. Kuna mshale au mstari kwenye ukingo, na kuna michirizi miwili. Ukiufunga, ule mshale lazima uangukie katikati ya michirizi. Ukipitiliza, mkanda ni mkubwa mno na namba itasoma chini ya ukweli. Usipoifikia, mkanda ni mdogo, unahitaji upepo mwingi kuubana mshipa, na mashine itasoma juu ya ukweli. Mshale kwa Mzee Chitanda haukuifikia michirizi, ulikuwa mbali nayo. Ongeza na shati lililombana, mkono uliokuwa unaning'inia, ngazi na maongezi. Kila kimoja kilikuwa kimempandishia kidogo, na vidogo vile vilikuwa vimejumlishwa na kuitwa ukaidi.

Nikauliza mkanda mkubwa uko wapi. Ulikuwepo. Ulikuwa kwenye droo ya chini kabisa, chini ya bandeji, umerudishwa ndani ya nailoni yake. Muuguzi mwenzangu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba pale wanauita mkanda wa mabonge. Mama mmoja mwenye mwili wake aliwahi kutolewa ule mkanda mbele ya foleni, watu wakacheka, akalia, na hakurudi tena kliniki. Tangu hapo kwa kuwastahi watu wakaufungia. Na hata kama ungekuwa mezani, nani angefikiria kumfunga mkanda wa mabonge mzee aliyekonda vile? Sikuwalaumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na mgeni ana bahati moja tu, bado hajazoea.

Nikamfunga ule mkubwa. Mshale ukaangukia katikati. Mkono nikaulaza mezani usawa wa moyo, miguu ikakanyaga chini, nikamwomba tunyamaze. Mashine ikavuma, ikajaa, ikaanza kuachia. Nje palikuwa na kelele za kliniki, watoto wanalia, mtu anaitwa jina, na humu ndani tulikuwa wawili tu tunasubiri kitu kidogo kituambie ukweli. Ikasoma mia na kumi na nane. Chini, sabini na mbili.

Sikuiamini. Nikasubiri, nikapima tena, namba zikawa jirani kabisa na za kwanza. Mkono wa kushoto vilevile. Mzee akaona uso wangu.

"Mbaya?" akauliza.

"Ngoja nimwite daktari."

Dokta Kelvin alikuwa kijana mpole, mwenye kuchoka, wagonjwa wake wakiwa wamejaa mpaka kwenye korido. Alikuja na kalamu mkononi, tayari kwa dawa mpya. Nilimwonyesha mkono. Akaishika ile misuli kama anavyoshika mtu asiyeamini. Akachukua mkanda mkubwa na kifaa chake cha kusikilizia, akapima mwenyewe kwa masikio yake, mara moja, mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo lilimpandisha sana machoni pangu. Akamwambia mzee asimame, akamshika kiuno asianguke, akapima akiwa wima. Ikasoma tisini na nne. Mzee akayumba, akaishika meza, na jasho jembamba likamtoka kwenye paji la uso.

Tukamkalisha haraka na kumpa maji. Daktari akavuta kigoda, akakaa chini kuliko mzee.

"Shikamoo tena, mzee wangu," akasema. "Tumekuwa tukikushusha, kumbe ulishashuka zamani. Dawa unameza. Unameza zote."

"Nilisema," mzee akajibu.

"Ulisema. Ungeongezewa na hii niliyotaka kuandika leo, sijui kama ungeamka."

Sikilizeni vizuri hapa, maana najua mtu atakwenda kusimulia nusu. Presha Mzee Chitanda alikuwa nayo kweli. Ni dawa zilizokuwa zinaituliza, tena zilifanya kazi kupita kiasi. Daktari hakumfutia zote. Alitoa moja, akapunguza nyingine, akamwagizia vipimo vya figo na kumtaka arudi wiki ileile. Mtu asijiachishe dawa nyumbani kwa sababu bibi mmoja wa Chamazi amemwambia mkanda wake mdogo. Aende apimwe upya na mtu anayejua.

Daktari akaniashiria, nikafungua pazia, nikamwita Asumini. Aliingia akiwa ameshajiandaa kwa habari mbaya, mkoba ameukumbatia kifuani. Daktari akamweleza taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, akamwonyesha mshale na michirizi, akamwonyesha ule mkono. Nadhani Asumini hakuwa ameuangalia vizuri mkono wa baba yake tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Kwa hiyo baba alikuwa anameza," akasema.

"Kila siku," daktari akamjibu.

Asumini akapiga magoti pale kwenye sakafu, na vumbi lake lote, na gauni lake la kutokea. Hakulia kwa sauti. Akasema, "Baba, nilikufungulisha mdomo kama mtoto. Nisamehe."

Mzee Chitanda alikuwa anavaa shati. Vifungo vilikuwa vinamkwepa. Asumini akainuka, akamfungia kimoja, akamfungia cha pili, na mzee akamwacha amfungie.

"Kufa sikuogopa, mwanangu," akasema alipofika kwenye kifungo cha shingoni. "Niliogopa mtanizika mkijua nilikuwa mwongo."

Daktari alitoka kwanza, kisha mimi nikatoka na mkanda mkubwa mkononi, nikaenda nao mpaka kwenye ile meza ya mlangoni. Nikauweka juu, mahali ambapo kila anayeingia angeuona, nikaanza kuwaomba watu watoe mkono mmoja nje ya nguo.